Ng'ombe wa Mia Mbili Themanini

Mpwa wangu anayekaa Nyakato amenunua Benzi. Juzi alinipeleka nyuma yake nikaone namba iliyobandikwa kwenye buti, mia tatu, inang'aa, naye akawa anaisugua kwa kitambaa huku harufu ya petroli ikiwa imejaa uani. Nikamuuliza kama injini yake ni lita tatu. Akacheka. "Shangazi, hayo yalikuwaga ya zamani. Hii ni lita mbili. Siku hizi namba ni namba tu."

Ile petroli ilikuwa imeshanirudisha kijijini kwetu, upande wa Bunda, miaka ya Ujamaa, wakati namba ya Benzi ilikuwa bado inasema kweli na sisi tukawa tunamaliziwa mifugo kwa ajili ya ukweli huo.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, na wageni wa serikali walikuwa hawaishi kuja. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mzee Masatu, aliambiwa na mtu huko Musoma kwamba namba ya nyuma ya Benzi ni ukubwa wa injini. Akajitungia kanuni. Injini kubwa, mtu mkubwa. Mtu mkubwa, mnyama mkubwa. Gari likija na mia mbili, wanachinjwa majogoo. Mia mbili ishirini, mbuzi. Mia mbili themanini, ng'ombe, tena ng'ombe wa zamu, anayetolewa nyumba hadi nyumba bila malipo, eti kwa kujitolea. Gari liliposimama tu, kabla mgeni hajanyoosha miguu, ungemwona mzee Masatu anazunguka nyuma, mikono mgongoni, anajifanya kutazama matairi.

Mimi nilikuwa darasa la tano na niliishi na bibi yangu, mzaa baba, watu wakimwita Mama Magesa. Alikuwa na ng'ombe wawili wa kulimia. Mmoja aliitwa Sabasaba, kwa sababu alizaliwa siku ya sikukuu ya wakulima. Mwenzake aliitwa Mkoloni, kwa sababu alipenda kula na hakupenda kazi. Sabasaba ndiye aliyevuta jembe, Mkoloni alimsindikiza. Nilimpenda yule ng'ombe. Nilijua joto la shingo yake na harufu ya majani mabichi mdomoni mwake, na nilijua pia kwamba bila yeye pamba yetu ingelimwa kwa mkono, mkono wa Bibi na wangu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, vumbi limekaa hadi kwenye nyusi za watu. Benzi jeusi likaingia, mgeni kutoka makao makuu. Mzee Masatu akazunguka nyuma. Mia mbili themanini. Nikaona anageuka na kutazama upande wa nyumba yetu, maana zamu ilikuwa yetu, na aliyeandikwa ni Sabasaba.

Mgeni akapelekwa kukagua ghala la pamba, mbali kidogo. Gari likabaki kivulini na dereva wake, mtu mnene mwenye kofia, anakula karanga. Nikamsogelea, nikamwamkia, nikamuuliza hiyo injini ina ukubwa gani hasa. Nilitaka kukiona hicho kitu kinachokula ng'ombe wetu.

"Ongeza sifuri moja hapo kwenye namba," akasema. "Elfu mbili na mia nane. Hizo ni sentimita za ujazo. Kwa lita ni mbili na pointi nane."

"Lita za nini?"

"Za nafasi tu, binti. Uwazi ulioko ndani, pistoni zinakopandaga na kushuka. Ukimimina maji humo hayafiki lita tatu."

Nikakimbia nyumbani. Nilimkuta mzee Masatu na vijana wawili wenye kamba mbele ya zizi, na majirani wamekusanyika. Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi, ameshika miti ya pande zote mbili. Hakuwa anapiga kelele.

"Mama Magesa, unampinga mgeni wa taifa?"

"Mgeni simpingi. Nina samaki, sato wa Mugango, na unga wa mtama. Wageni wangu wanakulaga hivyo na wanashukuru. Ng'ombe wa jembe hatoki."

"Gari lake ni mia mbili themanini!"

Hapo nikaropoka, mbele ya watu wazima wote, kwamba hiyo ni injini isiyofika lita tatu, tena ni uwazi mtupu, dereva mwenyewe amesema. Bibi akanigeukia. "Na debe la maji ninalobebaga kichwani kila asubuhi lina lita ngapi?"

"Karibu ishirini, Bibi."

"Basi leo nichinjiwe mimi."

Watu walicheka mpaka wale vijana wakaiacha kamba ikaanguka. Mzee Masatu hakucheka. Alimwambia Bibi kwa sauti ya chini, "Utanikumbuka," akaondoka. Mgeni alikula majogoo, akashukuru, akaenda zake. Hata hakuuliza habari za ng'ombe.

Mimi nilivimba kichwa. Kwa muda mrefu niliwasimulia wenzangu shuleni kwamba lita zangu ndizo zilizomwokoa Sabasaba.

Mvua zilipokaribia, mashamba ya pamba yakagawiwa upya na ofisi ya kijiji. Sisi tukapewa la mwisho kabisa, lenye mawe na changarawe, mwendo mrefu kutoka nyumbani. Nilimwambia Bibi tuna bahati mbaya. Aliendelea kupaka mafuta kamba za nira.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nilipoelewa kwamba haikuwa bahati. Shamba lile lilikuwa bei ya siku ile, na Bibi aliijua tangu anashika ile miti ya mlango. Vicheko visingemzuia mzee Masatu hata kidogo; angewaamuru vijana waokote kamba. Alizuiwa na mwanamke aliyejua atakachofanyiwa na bado hakusogea. Wako wanaosema wazee wetu wa wakati ule walikuwa watu wa kuitikia ndiyo tu. Wasinisemee bibi yangu.

Asubuhi ya mvua ya kwanza aliwafunga Sabasaba na Mkoloni, akanipa kamba nitangulie. Njia fupi ya kwenda kule kwenye mawe ilipita nyuma ya nyumba. Bibi akasema tupite barabarani, katikati ya kijiji. Mzee Masatu alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi. Bibi akamsalimu kwa sauti ya kusikika na wote, halafu akaniambia nisiwaharakishe ng'ombe.