Kitabu cha Sarufi Katika Dari la Mbegu

Harufu ya kuni mbichi za mti wa muwati hunirudisha jikoni kwa mama yangu, kijijini juu ya Soni, masika ya miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nitaeleza niliyoyaona, niliyoyasikia nitayataja kuwa ya kusikia. Mwalimu wetu, kijana wa Tanga, alipanga chumba kwetu. Alikuwa akijisomea ili afanye mtihani wa kuingia chuoni, na tegemeo lake lilikuwa kitabu kimoja kinene cha sarufi ya Kiingereza. Aliniambia hakikuwa kitabu cha kuamrisha. Kilieleza, kwa mifano mingi, jinsi wenye lugha wanavyosema hasa. Inasemekana alipewa na mmisionari. Hilo sikulishuhudia.

Alipokwenda Tanga kumwuguza baba yake, paa la chumba chake lilivuja, kitabu kikalowa. Mama alikifuta kwa kanga, akakipandisha darini juu ya meko, katikati ya mahindi ya mbegu, mahali alipoweka kila kitu asichotaka kiharibike. “Kwenye moshi haijaniozea hata punje,” alisema. “Mwalimu atakikuta kikavu.” Kesho yake, mama akiwa shambani, gundi ya mgongo wa kitabu ikalainika kwa joto la meko. Karatasi zikaanza kupenya kati ya fito, mojamoja, zikidondokea motoni. Nilikuwa peke yangu. Nilivuta kuni, nikamwaga maji, nikazidaka nilizoweza. Darini mikono yangu haikufika. Zilizonipita niliziangalia zikijikunja na kuwa majivu.

Mwalimu aliporudi, mama alimpokea mlangoni na mabaki yamefungwa kwa kamba ya mgomba.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekiua kitabu chako.”

“Hujakiua, mama. Umekiweka pamoja na mbegu.” Akajaribu kucheka. “Sasa Kiingereza changu kitanuka jikoni.”

Kisha akaingia chumbani, na jioni hakutoka kula.

Leo mjukuu wangu ana sarufi nene kama ile ndani ya simu, salama dhidi ya mvua, naye huifungua kwa nadra. Sokoni Soni wapo wasemao kwamba mwalimu alishindwa kwa sababu ya mama yangu. Wengine husema hakuingia hata chumba cha mtihani. Matokeo sikuyaona, wala mwalimu hakurudi kwetu. Niliona hili tu: asubuhi ya safari yake ya kwenda kwenye mtihani alipanda lori la mboga liendalo Mombo, kile kifurushi cha mabaki ya kitabu kikiwa kwapani, na mama akasimama barabarani bila kuinua mkono kuaga, hadi lori likapotea konani.