Sekunde Kumi na Mbili za Kimya

Nani amewahi kusikia fundi wa muziki akiombwa atengeneze kimya? Fundi Kinanda hakuwahi. Siku alipoombwa alitaka kucheka, kisha akataka kukasirika, mwishowe akafanya yote mawili.

Aliyemwomba ni Nukta, dada mmoja mwembamba mwenye maneno machache, kazi yake kuchora zile herufi za mwanzo wa tamthilia ambazo watu wengi huzitazama huku wakitafuta rimoti. Wawili hao walikuwa wamepewa utangulizi wa Chombo Namba Tisa, tamthilia ya watu waliorushwa angani, wakapita sayari zote, na sasa wanangoja neno kutoka nyumbani. Nukta picha, Fundi muziki. Dakika moja na nusu tu. Lakini kwa dakika hiyo na nusu, mwongozaji, ambaye kila mtu alimwita Bosi hata mke wake, angeamua kama Fundi apewe muziki wa vipindi vyote au atafutwe mtu mwingine.

"Hapa katikati," Nukta alimwambia akimwonyesha kwenye kompyuta, "herufi zinajiunda moja moja kutoka kwenye nyota. Sekunde kumi na mbili. Hapa nataka kimya."

"Kimya? Mimi kazi yangu kupiga, dada'ngu, si kunyamaza."

"Angani hakuna hewa, kaka, kwa hiyo hakuna sauti. Muziki ukikatika ghafla pale, mtu ataacha hata kutafuna."

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Fundi zaidi.

Sasa, kimya nacho kina ufundi wake. Ukikata sauti kabisa, mtazamaji anadhani televisheni imekufa, anaanza kuipiga makofi. Kwa hiyo mafundi hurekodi kimya cha chumba, ile hali ya mahali pasipo na mtu, ambayo huijui kama ipo mpaka iondolewe. Fundi akaamua kurekodi cha chumba chake mwenyewe, kile kidogo cha nyumbani alichokizungushia magodoro ya zamani ukutani. Akasimamisha maikrofoni mbili, ya kulia karibu na magodoro, ya kushoto karibu na mlango wa jikoni. Akabonyeza, akatoka kwa kunyata hadi uani ili hata pumzi zake zisiingie, akasimama huko robo saa nzima akitazama nguo kwenye kamba.

Tatizo la Fundi, na hapa naomba msimcheke, ni kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Mwaka mmoja na ushei. Aliamka asubuhi moja, upande ule ukawa hauna habari naye. Hospitali wakamwambia ndiyo basi. Hakumwambia mtu, maana nani atampa muziki mtu wa sikio moja? Hata mkewe, Mama Pacha, aliyekaa naye miaka kumi na tisa na kugombana naye yote bila kuchoka, hakumwambia. Akajikaza kisabuni. Akiitwa kutoka kushoto asipoitika, husingizia mawazo: "Nilikuwa natunga."

Kazini alikuwa na mbinu yake. Anavaa hedifoni kama kawaida, anasikiliza ya kulia. Kisha anazigeuza, ile ya kushoto inakuja kwenye sikio zima, anasikiliza tena. Kila kitu mara mbili. Mbinu hiyo haikuwahi kumwangusha.

Siku ya kimya ilimwangusha. Alisikiliza mara ya kwanza, safi. Akavua hedifoni ili azigeuze, simu ikalia.

"Kaka, faili!" Alikuwa Nukta. "Onyesho la Bosi ni leo leo, saa tisa!"

"Linakuja, linakuja, unanikimbiza kama mwizi!"

Akakata simu, akavaa hedifoni vilevile zilivyokuwa, akasikiliza upande uleule kwa mara ya pili. Safi tena, isingekuwaje safi! Akakata sekunde kumi na mbili, akaongeza sauti kidogo ili kimya chenyewe kisikike ukumbini, akatuma. Huko ofisini Nukta alilipachika faili kwenye picha kwa kutazama mistari ya kompyuta tu, kwa sababu mafundi walikuwa wakitoboa ukuta chumba cha pili na hakuna mtu aliyesikia kitu chochote siku hiyo.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mdogo, viti arobaini, spika kwenye kuta zote mbili. Fundi alivaa shati ambalo Mama Pacha alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Mama Pacha mwenyewe alikaa kulia kwake. Siku zote alikaa kulia, mezani, kwenye basi, hata kitandani alikuwa amehamia huko, na Fundi aliona ni bahati yake tu kuwa na mke anayependa upande wa kulia. Jamani, wanaume!

Taa zikazimwa. Kinanda kikaingia polepole, ikafuata ngoma moja nzito, chombo kikapita mbele ya jua. Fundi akamwona Bosi, safu ya mbele, ameacha kuchezea simu. Nyota zikatawanyika, muziki ukakatika.

Kisha Mama Pacha akaanza kuongea.

Fundi hakuamini. Katika sekunde kumi na mbili muhimu kuliko zote za maisha yake, mwanamke huyu ndipo ameamua kupiga soga! Mjue kwamba mtu wa sikio moja hajui sauti inatoka wapi. Kwake kila sauti inatoka upande wa sikio zima, na upande huo ndio aliokaa mkewe. Akamgeukia, akamnong'oneza kwa ukali, mnong'ono uliofika hadi safu ya nne.

"Nyamaza, mama! Utaniharibia!"

Mama Pacha alikuwa amenyamaza. Alikuwa ameuziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, na sauti yake ilikuwa inaendelea.

"Sikio la kushoto halisikii, dada. Mwaka mzima anadhani sijui. Kuna siku nasimama upande huohuo namnong'oneza yote yaliyonijaa, hata hageuki."

Mungu wangu! Fundi alipigwa na butwaa mpaka akasahau kupepesa macho. Kule mbele herufi ya mwisho ikajiunda kwa madaha kana kwamba hakuna lililotokea. Muziki ukarudi kwa kishindo. Hakuusikia. Alimtazama mkewe, mkewe akamtazama, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake ameshikwa.

"Washeni taa!" Bosi alikuwa amesimama. "Huyo mwanamke ni nani?"

"Si ndiye aliyebaki duniani?" mgeni mmoja wa nyuma akajibu akipangusa macho. "Mimi amenitoa machozi."

"Mzee, tamthilia ni yangu, nakwambia hayumo!"

Ndipo Nukta akasimama. Alikuwa amemwona Fundi akimnyamazisha mke aliyenyamaza, na kichwa chake ni chepesi.

"Kosa langu, Bosi," akasema. "Nimechanganya mafaili. Hiyo ni sauti ya kazi nyingine."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Fundi alichotakiwa kufanya ni kukaa tu, atingishe kichwa kama mtu anayesikitikia uzembe wa vijana, na kazi ya vipindi vyote ingebaki yake. Alikaa. Nasema ukweli, alikaa, tena sekunde nyingi kuliko zile kumi na mbili. Halafu akamwona Nukta anavyokunja pindo la blauzi yake kwa vidole, na aibu ikamshika.

"Muongo huyo," akasema akiinuka. "Sauti ni ya mke wangu. Na sikio ni langu."

Ukumbi ukawa kimya, kile kimya chenyewe alichokuwa anakitafuta.

Bosi akamgeukia. "Yaani muziki wote huu umeupanga kwa sikio moja?"

"Moja, Bosi."

"Na hukuniambia."

"Ungenipa kazi?"

Bosi akakaa kwenye kiti chake taratibu.

"Sijui," akasema. "Kweli kabisa, sijui. Kesho asubuhi niletee kimya kisicho na mtu ndani. Hayo mengine tutazungumza nikishakisikia."

Walirudi nyumbani. Kulikuwa bado na jua. Fundi akaingia chumbani kwake, akakaa mbele ya kinanda, na mkewe akasimama mlangoni, mlango uleule wa jikoni.

"Umeniumbua, mama."

"Mimi? Ni nani aliyetega maikrofoni kwenye mlango wangu? Mimi nilichungulia, nikaona chumba kitupu, nikampigia dada yangu simu palepale mlangoni, kwa sauti ya chini. Ni dhambi?"

Fundi akageuza kiti kumwelekea. "Umejua tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Nilikwambia kwa sauti ya chini, nikiwa kushoto kwako, kwamba nimekosea, nimetia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Ukasema asante, ukainywa yote."

Fundi alikumbuka chai ile. Alidhani ni ulimi nao umeanza kuharibika.

"Sasa mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Wakaacha hapo. Walirekodi kimya upya, safari hii wote wawili wakiwa wamesimama uani. Waliporudi, Mama Pacha akavuta kigoda, akakaa kushoto kwa mumewe kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, akaliweka sikio lake kwenye hedifoni ya kushoto, Fundi naye lake kwenye ya kulia, vichwa vikigusana.

"Bomba linadondoka," mkewe akasema, akiinua uso ili amsikie. "Tone moja moja."

"Sisikii."

"Najua husikii. Ndiyo maana nakwambia."

Fundi akasimamisha mashine. Kulikuwa na jambo lililomkaa rohoni tangu ukumbini, na aliliogopa kuliko Bosi.

"Siku ulizosimama upande huu," akauliza, "ulikuwa unaniambia nini?"

"Mengi. Kwamba unakoroma. Kwamba lile shati lako la kijani halikupotea, nililichoma kwa pasi nikalitupa."

"Shati langu la kijani!"

"Hilohilo." Mama Pacha akainamisha kichwa. "Lakini zaidi lilikuwa neno moja. Karibu kila siku, nikikuletea chai."

"Neno gani?"

Mama Pacha akainuka, akakizunguka kiti, akaja kusimama kulia.

"Niambie," akasema. "Niambie tu, mume wangu."

Fundi Kinanda akaziweka hedifoni juu ya kinanda.

"Sikio langu la kushoto limekufa," akasema, na mkewe akamsikiliza hadi mwisho, kama mtu anayeipata habari hiyo kwa mara ya kwanza.