Lenzi za Taa na Simu ya Ugalla

Nisikilizeni, nyie mnaoanza ufundi sasa. Siku yangu ya kwanza kama fundi simu wa reli, miaka ya sabini, nilishuka kwenye kituo kidogo karibu na mto Ugalla. Stesheni masta alinipokea na habari moja tu: simu imekufa.

Ilikuwa simu ya kukoroga. Ukizungusha mkono wake, kengele inalia Mpanda. Lakini ili sauti yako ifike, betri lazima iwe na nguvu. Betri kavu zilikuwa hazipatikani, na kituo kisicho na simu, treni ingekipita bila kusimama. Warina asali wangepakia wapi madebe yao? Mgonjwa angepanda nini?

Tabora walituletea paneli ya jua ya majaribio na betri ya kuchaji. Paneli ilifika imepasuka, seli chache tu, vile vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, zikiwa nzima, na umeme wake haukutosha kujaza betri. Mkuu wa mawasiliano akatuma amri: paneli irudi, kituo kifungwe.

Mimi nikatoa stoo lenzi za taa za ishara zilizochakaa. Lenzi hukusanya jua la eneo pana na kulimwaga kwenye seli ndogo. Mwanga ukiongezeka, mkondo wa umeme nao unaongezeka. Usiweke seli pale mwanga unapokuwa nukta, itaungua. Isogeze karibu na lenzi mpaka mwanga uifunike yote. Na seli zote zipate mwanga sawa, maana zimeunganishwa kwa mfuatano, kama watu wanaovuka mto juu ya gogo: mmoja akizubaa, wote wanasubiri. Kila seli niliiwekea nyuma kipande chake cha bati, kipunguze joto. Seli na lenzi zake nikazifunga kwenye kisanduku kimoja, nacho tulikigeuza kufuata jua, mimi na stesheni masta kwa zamu.

Mkuu akaja mwenyewe.

“Nimeagiza paneli irudi, wewe unanionyesha mchezo wa watoto. Ng'oa.”

“Sing'oi, mzee. Koroga kwanza, uongee. Mpanda wakisikia kengele bila sauti yako, nitang'oa.”

Akakoroga, akanguruma. Mpanda wakamjibu: “Taratibu, mzee, haya masikio bado tunayahitaji.”

Stesheni masta akageukia ukutani kucheka. Mkuu akauliza, sasa ataripoti nini? Nikamwambia aripoti kwamba fundi amekataa.

Treni ziliendelea kusimama. Leo nimestaafu, niko Kawajense, hapa Mpanda, na bado kuna wanaoniambia umeme ni kitu cha kusubiri uletwe. Nao nawakatalia.

Wewe chukua lenzi na karatasi nyeupe, utoke juani. Usichungulie jua kupitia lenzi. Shika karatasi chini yake mpaka nukta itokee, kisha ipandishe karibu na lenzi hadi mwanga ulingane na upana wa seli yako. Hapo ndipo uifunge seli.