Miaka tisa mjomba alishuka mlima kunifuata kwenye gari, siku nilipopanda mimi ndipo nikajua

Wakuu, salaam kwenu, na mlioko kwenye foleni muda huu poleni. Ninachoandika kimenitokea mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Kuna sehemu nitajianika, lakini nimeona niseme vilevile ilivyokuwa.

Mimi ni mkazi wa Dar, Mbezi. Nina gari, huu mwaka wa tisa.

Zamani nilikuwa mtembeaji mzuri tu, ila wenye magari mnajua inavyokuwa. Unaanza kwenda nalo kazini. Baadaye sokoni. Mwisho unawasha gari kwenda kununua mkate kwenye duka ambalo ukisimama getini unaliona.

Mtaani kwangu watu wananijua kwa honi. Sura hawaijui, vioo ni tinted.

Sasa twende Morogoro.

Mama yangu alikuwa Mluguru, alifariki nikiwa darasa la pili. Aliyenilea ni kaka yake, mjomba Kibwana, enzi hizo akiishi Moro mjini. Nilipokuwa mkubwa akahamia huko juu Uluguru, unapita Morningside unaendelea kupanda, mimi sikuwahi kufika. Mzee wa karoti, kabichi na strawberry. Wenye asili ya kule mnajua mjomba ni nani kwa Mluguru. Kwangu mimi ndiye baba.

Kazi yangu inanipeleka Dodoma mara kwa mara, na kila nikipita Moro lazima nimwone. Utaratibu ulikuwa mmoja miaka yote. Nampigia simu nikiwa natoka Dar. Nikifika pale lami inapoishia, namkuta ameshakaa, mfuko wa karoti pembeni, kanzu yake safi.

Anaingia kwenye gari. Tunaongea nusu saa, AC inapuliza. Naondoka zangu nikijiona mtoto mwema.

Sikuwahi kumuuliza anatoka nyumbani saa ngapi.

Mwaka huu, masika yakielekea ukingoni, nikampigia kama kawaida. Akajibu taratibu, "Mpwa wangu, leo sishuki. Goti limekataa. Ukiweza, panda wewe."

Wakuu, mjomba hajawahi kuniomba kitu. Nikamjibu nakuja.

Nilipofika mwisho wa lami, bodaboda wawili waligoma kunipeleka. Mvua ilikuwa imekula njia, utelezi mtupu. Nikafunga gari, nikaanza kupanda na viatu vyangu vya ofisini.

Robo saa ya kwanza sitaki hata kuieleza. Moyo ulikuwa unagonga mpaka nausikia masikioni. Nikakaa kwenye ukingo wa njia nikawaza kurudi.

Ndipo akanipita mama mmoja wa makamo ya mamkubwa zangu, yeboyebo miguuni, kikapu kitupu kichwani, anatoka sokoni. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama vizuri.

"Wewe si ndiye wa Kibwana? Wa gari jeupe?"

Nikashangaa. Dar jirani wa ukuta mmoja hanijui, huku mtu ananijua mlimani. Akajitambulisha, mama Zena, jirani wa mjomba. Akaniambia, "Vua hivyo viatu. Usikimbizane na mlima, hauendi mahali."

Nikavua. Tukaenda.

Sijui niwaelezeje kilichofuata. Ukungu ulishuka kutoka juu polepole ukatufunika, migomba ikawa kama vivuli vya watu waliosimama. Maji yalikuwa yanasikika kila upande na huyaoni. Udongo wa baridi unapenya kati ya vidole. Harufu ya moshi wa kuni, harufu ya majani mabichi, mtu anaimba shambani na hujui yuko wapi.

Kuna wakati nilisahau kama natembea. Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe, na mimi niko nyuma yake naota. Nilimkumbuka mama. Sura yake ilikuwa imenipotea miaka mingi, siku ile ikaja nzima, na mtandio wake wa kijani.

Tukafika kwenye jiwe kubwa kando ya kijito. Mama Zena akatua kikapu.

"Hapa ndipo alipokuwa anapumzisha goti," akasema.

"Nani?"

"Mjomba wako. Akija kukuona wewe. Anatoka na adhana ya alfajiri ili ukifika usimngoje. Na goti hili halijaanza leo, mwaka wa nne huu. Sisi tukimwambia, mwambie kijana apande, anasema aah, gari lake haliwezi huku."

Aliongea bila kunilaumu, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Hapo ndipo iliponiumiza. Nikainama kijitoni nikajifanya nanawa uso.

Saa tatu za kupanda, wakuu. Miaka tisa. Na kurudi ni zilezile kwake, akiwa peke yake, mimi nishafika Dumila nasikiliza redio.

Tulipotokea kwenye uwanja wake, mjomba alikuwa kwenye kigoda nje, mguu ameunyoosha, goti limevimba. Nikasema shikamoo. Aliangalia miguu yangu, tope mpaka magotini, viatu mkononi.

Kisha akapaza sauti kwa majirani, "Jamani njooni! Mwanangu amekuja kwa miguu!"

Wakaja kweli. Mzee alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, wala hayafuti. Akaagiza yachemshwe maji niloweke miguu. Mimi, wakati mgonjwa ni yeye.

Jioni mawingu yalitulia chini yetu, mji wote wa Morogoro haupo, pameenea weupe tu. Nikamwambia nitatafuta vijana wamshushe kwa machela, akatibiwe, ahamie kwangu Dar.

Akasema, "Kutibiwa nitakwenda. Dar sihami. Kule nitafuata nini? Nilikuwa nashuka kukufuata wewe, na wewe sasa njia unaijua."

Siku ya tatu tulimshusha. Goti limepata dawa, anatembea na mkongojo mpaka shambani, ila mlima ndiyo basi tena. Kila mwezi mimi ndiye ninayepanda. Mara ya mwisho nilimpita mama Zena njiani, akanicheka akasema leo mlima umekukubali.

Gari bado ninalo, msije mkadhani nimeokoka. Dodoma siwezi kwenda kwa miguu. Lakini dukani sasa natembea, na kinyozi natembea. Wiki iliyopita jirani aliniuliza kama nimehamia karibuni. Nimekaa pale miaka sita.

Nilichojifunza: gari lilinifikisha kila mahali lami ilipofika, na nikaamini huko ndiko watu wangu waliko. Kumbe kuna mtu alikuwa anamalizia safari yangu kwa goti bovu.

Wenye magari wenzangu, semeni ukweli hapa chini. Ni nani anayetembea ili wewe usitembee? Wa kunisema pia mniseme tu, nasoma comment zote.