Shikamoo ya Mtego

Kazi yangu katika kampuni ya teknolojia hapa Katesh ni kuzuia wezi wa mtandaoni, na njia mojawapo ni kujifanya mwizi mimi mwenyewe. Nilikuwa bado kwenye majaribio. Bosi, mzee wa Tumati anayemtaja fahali wake kwa jina katika kila kikao, aliniagiza niwatumie wafanyakazi wote ujumbe wa uongo wa kuwaomba nywila. Wakinaswa, maana yake mafunzo niliyowapa hayajawaingia, na mkataba niusahau.

Hakunaswa hata mmoja. Mwingine angefurahi. Mimi nilianza kujiuliza kwa nini, nikaenda kumwuliza mama wa uhasibu.

"Huyo mwizi wako hana adabu," alisema bila kuinua macho. "Anaanza tu na bonyeza hapa. Hata salamu?"

Nikarudi mezani. Kumbe mafunzo yangu hawakuyakumbuka, walichukizwa tu. Ningeweza kunyamaza nikasaini mkataba wangu. Nikapima hivi, nikapima vile, mpaka chai ikapoa. Halafu, sijui shetani gani alinipitia, nikaandika upya. Wenzangu wengi ni wa umri wa wazazi wangu, hivyo nilianza na shikamoo. Nikajiita kijana mpya wa tawi la Haydom, nikawapa pole ya baridi, nikauliza kama mvua zimeanza. Mwishoni kabisa, kwa unyenyekevu, nikawaomba wahakiki akaunti zao.

Majibu yakamiminika. Marahaba, mwanangu. Huku ni mawingu tu. Karibu kazini. Na chini ya kila marahaba, nywila. Mama wa uhasibu aliongeza na baraka za Mungu. Lakini wa kwanza kabisa alikuwa bosi, na nywila yake ilikuwa jina la fahali.

Nilifikiria kuugua ghafla. Mwishowe nikaenda kumweleza.

Alivua miwani. "Sasa ulitaka nisiitikie shikamoo?"

"Ungeitikia tu, mzee. Fahali ungemwacha zizini."

Nikauona mkataba wangu ukienda malishoni. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. Alisaini, kwa sharti moja: salamu yoyote ya kwenye kompyuta iitikiwe kwanza ana kwa ana.

Ndiyo maana siku hizi nikituma barua pepe ya kweli, hakuna anayeifungua. Wanakuja mezani kwangu, mama wa uhasibu akiwa mbele, wananishika mkono.

"Marahaba. Ni wewe kweli?"

Nami, baada ya kufikiri kidogo, huwa nathibitisha kwamba ni mimi.