Mkono Mmoja wa Shaba

Kampuni inayomiliki nyumba tunazopanga Rinkeby, huku Uswidi, iliamua kutuwekea sanamu uwanjani. Walisema ni zawadi kwa jamii. Mimi zawadi inayokuja na nembo ya mtoaji huwa siiamini, lakini kikundi chetu cha akina mama kilifurahi, nami sikutaka kuwatilia mchanga kitumbua chao.

Tulikuwa tukikutana chumba cha chini cha jengo letu, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, tukishona na kutaniana. Msanii aliyelipwa na kampuni, mama wa Kiswidi mpole, alikuja na ndoo ya plasta akaomba tumchague mmoja wetu ili aige uso na mikono yake. Sanamu ingekuwa ya mwanamke anayekaribisha wageni. Hatukubishana. Tulimchagua bibi wa Kirundi, mkubwa wetu, mtu ambaye hata ukimletea glasi ya maji huinuka kidogo kuipokea.

Msanii akamwambia asalimie kama anavyomsalimu mgeni. Bibi akanyoosha mkono wa kulia, na wa kushoto akaushikiza chini ya kiwiko cha ule wa kulia. Ndivyo wanavyosalimu kwao, na hata kwetu Bukoba hatukufundishwa tofauti: mkono mmoja peke yake ni wa kumtupia mbwa mfupa. Msanii akampaka plasta, naye akakaa hivyo hivyo mpaka ikakauka.

Baadaye tuliitwa ofisini kwa kampuni kuona mfano wa udongo. Nilikwenda kumtafsiria bibi, maana Kiswidi chake ni cha dukani tu. Mama mmoja anayeshughulikia matangazo ya kampuni, akiwa na wenzake, alisifu kila kitu, kisha akasema mkono wa kushoto una shida. Unamfanya aonekane mgonjwa, au ombaomba, na kampuni haiwezi kuweka jina lake chini ya ombaomba. Nilieleza kwa Kiswidi changu chote. Niliinuka nikaonyesha. Wakanisikiliza, wakaitikia kwa vichwa, wakanishukuru kwa maoni yangu, kwa adabu ile ya watu ambao wameshaamua.

Bibi akauliza wanasemaje. Nikamwambia.

"Waambie mukono ule ndiyo heshima yenyewe," alisema. "Wakiutoa, na sura yangu watoe."

Nilitafsiri neno kwa neno. Waliandika.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na kahawa, soseji, na hotuba ya mkurugenzi kuhusu ukarimu. Kitambaa kilipovutwa, sura ilikuwa ya bibi kabisa, hata mikunjo ya macho. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooshwa. Wa kushoto ulining'inia ubavuni. Watu wakapiga makofi, na msanii akawa anatazama viatu vyake. Mkurugenzi akaja kumshukuru bibi, naye akampa mkono kwa heshima zote, kushoto chini ya kiwiko. Yule bwana akaupokea kwa mkono mmoja, kikombe cha kahawa kikiwa kwenye mwingine. Nilikasirika, soseji yangu nikaitupa.

Nilitaka tupeleke malalamiko, hata gazetini. Bibi alikataa. Alisema tu kwamba yeye hapiti tena pale.

Anakaa ng'ambo ya uwanja, na kituo cha treni kiko upande wa pili. Sasa anazunguka nyuma ya shule, kwenye mteremko unaoganda barafu wakati wa baridi, na nyonga zake ni mbovu. Majuzi nilimkuta huko amebeba mifuko, nikampokea mmoja. Nikamwambia, bibi, rudi kwenye njia yako, kila anayekujua anajua hiyo ni kazi ya kampuni.

Alisimama kwanza apumue.

"Wakubwa wanajua, mwanangu. Lakini wajukuu wangu wanapita pale kila siku wakienda masomoni. Wanajifunza salamu kwangu. Pale uwanjani nawapa mukono mumoja, asubuhi na jioni, na hawa watoto wameanza kunipa vile vile nyumbani."