Kamongo Aliyeimbwa Kando ya Kaburi

Mjukuu wangu anafundisha Kiswahili sekondari, na mimi najivunia bila aibu. Juzi aliniambia kwamba katika shairi kitu kimoja hubeba kingine, wanaita ishara. Nikamwambia, mimi niliachia shule darasa la tatu, lakini ishara ndiyo iliyonipa nyumba.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya sitini, upande wa Kombewa, kando ya ziwa. Mume wangu alikufa akaniacha na wasichana wawili. Udongo wa kaburi bado mbichi, shemeji yangu akasema mbele ya watu, "Shemeji, huna mtoto wa kiume. Rudi kwenu, hili shamba tutalima sisi." Wazee wakatazama chini.

Ndipo mama mkwe wangu, mwanamke mkali ambaye hakuwahi kusifu hata uji wangu, akaanza kumlilia mwanawe kwa wimbo. Kwetu anayelia kwa wimbo hakatizwi, hata na chifu.

Kamongo, maji yamerudi nyuma,
ngege amekimbia, mumi amekimbia,
umebaki na tope la bwana wako.

Nikawaka hasira. Kamongo! Samaki mrefu kama nyoka, ambaye sisi wanawake wa hapo hatukumtia mdomoni. Nikaingia ndani, nikaanza kufunga vyombo kwenye shuka. Mama mkwe akanikuta.

"Unaenda wapi?"

"Mama, umeniita nyoka mbele ya watu."

Akacheka, machozi bado shavuni. "Miaka yote unauza samaki, akili umeweka wapi? Maji yakikauka, ngege, mumi na samaki wengine wote wanakimbia; nani anabaki?"

Nilijua. Nimeona kwa macho yangu: tope gumu kama tofali, unapiga jembe, kumbe kamongo yuko chini, amejikunja, anapumua. Anangoja mvua. Hahami.

"Shemeji yako ameelewa kabla yako," akasema. "Chungulia."

Nikachungulia. Jitu lile limekaa chini, kofia mkononi, na wanawake wote wameudaka wimbo, wanauimba wakimtazama. Angejibu nini? Agombane na samaki? Mama angesema wazi, "Mwacheni na shamba lake," wangebishana naye hadi jioni.

Samaki mmoja wa topeni alikuwa amenibeba mimi, wasichana wangu, marehemu na shamba, na bado alikuwa samaki tu.

Nikafungua shuka. Mvua ilipokuja nilipanda mtama kuanzia mlangoni kwangu hadi mpakani kwa shemeji, na yeye ndiye aliyeanza kunisalimia.